UZI: Mazoezi ya pamoja kwa aliyepata kiharusi na anayemuuguza, hasa sisi wa Mtwara na Lindi

Mpwa wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nyuzi nyingi za kiharusi humu jukwaani huishia kwenye majina ya dawa na kwenye ubishi wa nani kamrushia nani jini, ilhali jambo linalomsumbua mgonjwa kwa miaka inayofuata, yaani mwili unaozidi kukakamaa kwa sababu ya kukaa na kulala, huguswa kwa mistari miwili tu. Hata linapoguswa, anayezungumziwa ni mgonjwa peke yake. Anayemuuguza, ambaye kwetu huku mara nyingi ni mke, binti au mpwa, hukumbukwa pale inapohitajika mikono ya kuinua. Hoja yangu ni kwamba mazoezi ya nyumbani yapangwe kwa watu wawili tangu mwanzo: wote wawili watoke jasho, na wote wawili wapimwe presha.

Mjomba wangu amepooza upande wa kulia. Anayeishi naye ni mkaza mjomba, na mimi hufika jioni na siku za mapumziko. Mengi nitakayoeleza tumeelekezwa na wataalamu wa mazoezi tiba, na pale ninaponukuu utafiti nitasema.

Kwa wasiofahamu, kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa mshipa kuziba, au inapoharibiwa kwa mshipa kupasuka, na chanzo kikubwa cha yote mawili ni shinikizo la juu la damu. Nchini kwetu ulifanyika utafiti katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya tofauti za umri kati ya sehemu hizo kusawazishwa, walipatikana wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam, kiwango ambacho kimezidi kile cha tafiti nyingi za nchi tajiri. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba haya ni maradhi ya Wazungu au ya matajiri.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe. Mwongozo wa mwaka 2014 wa vyama vya Marekani vya moyo na kiharusi unapendekeza kwamba aliyepona awamu ya kwanza afanye mazoezi ya kuchangamsha moyo siku 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 20 hadi 60 kwa siku, na unaruhusu muda huo ugawanywe vipande vya dakika 10. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima yeyote, akiwemo mwenye ulemavu, afikishe angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki. Ukizisoma namba hizo kwa makini utaona kwamba zinamhusu mjomba na mkaza mjomba kwa usawa, na kwamba hakuna sababu ya kuwatengenezea ratiba mbili.

Hapa ndipo watu hunikatiza wakaniambia, "Mama huyu anamwinua mumewe kutwa, hayo si mazoezi?" Hapana. Kumgeuza mtu mzima kitandani, kumwogesha na kumvuta kutoka kwenye mkeka ni kazi ya kuumiza kiuno, inayofanywa kwa ghafla na kwa mwili uliopinda, na haiupi moyo wake muda wa kwenda kwa kasi moja. Zaidi ya hapo, anayeuguza huacha vilivyokuwa vikimtembeza: huacha kwenda shamba, huacha kwenda sokoni, huacha hata kwenda kumjulia hali dada yake. Baada ya mwaka mmoja nyumba inakuwa na wagonjwa wawili, mmoja anajulikana na mwingine bado.

Zoezi tunaloanza nalo ni kuketi na kusimama. Tunaweka viti viwili vya mbao vinavyotazamana, vyote vimeegemezwa kwenye kuta za ukumbi. Kiti cha plastiki hakifai kwa sababu huteleza kwenye sakafu ya saruji na hupinduka mtu akiegemea upande mmoja, na kigoda ni kifupi mno kwa mguu dhaifu. Mjomba husogea mbele hadi nusu ya kiti, huvuta nyayo zake nyuma kidogo ya magoti, hushika mkono dhaifu kwa mkono mzima, kisha huinama mbele mpaka pua ivuke magoti, ndipo makalio yanaponyanyuka. Wengi hushindwa kusimama kwa sababu hujaribu kunyanyuka wakiwa wameegemea nyuma, na ndugu naye, kwa huruma, humvuta juu kwa mikono. Mkaza mjomba huketi kiti cha pili na kufanya tendo lilelile, wakihesabu pamoja kwa sauti. Kule kuhesabu kuna faida mbili: humzuia mtu kubana pumzi, jambo linalopandisha presha kwa ghafla, na humpa mgonjwa ambaye ulimi wake ni mzito nafasi ya kutamka. Iwapo mgonjwa bado anayumba, basi mtu wa tatu asimame upande ulio dhaifu. Na kama hakuna mtu wa tatu, wafanye kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine anasimama na kuketi.

Kutembea ni somo pana zaidi. Fimbo hushikwa na mkono mzima, si mkono wa upande ulioumia kama wengi wanavyodhani. Anayesindikiza hukaa upande dhaifu, nusu hatua nyuma. Asishike kwapa wala mkono. Sisi tulielekezwa kukunja kanga iliyo imara ikawa mkanda mpana, tukaifunga kiunoni juu ya nguo kwa fundo lililokazwa sana, na kuushika mkanda huo kwa nyuma. Mtu akipepesuka, kiuno ndicho kinachomrudisha; ukimdaka mkono, utaondoka na bega lake.

Watu wa Mtwara mjini hupenda kuwapeleka wagonjwa wao ufukweni Shangani. Upepo ni mzuri, lakini mchanga mkavu humchosha vibaya mtu ambaye ncha ya mguu wake inaburuta, na ule wa kando ya maji, ingawa ni mgumu, umeinama. Kwa miezi ya mwanzo tafuteni uwanja wa shule wakati wa likizo, ua wa msikiti au wa kanisa, au kipande cha njia kilicho tambarare na kisicho na bodaboda. Nendeni kabla ya saa 1 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kwa maana kuanzia Novemba jua la huku halina mzaha hata kwa mzima. Chukueni maji. Mvua zikianza, kuanzia Desemba hadi Aprili, barabara za udongo huteleza, na mazoezi yahamie barazani.

Lipo tatizo moja ambalo vitabu haviligusi sana: mwendo wa mgonjwa ni wa polepole mno kumchangamsha anayemsindikiza. Kipimo cha mazoezi ya wastani ni mtu aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba, na mkaza mjomba, kwa mwendo wa mumewe, angeweza kuimba taarabu nzima. Tulichofanya ni kutumia mapumziko. Mjomba akiketi kwenye baraza ya jirani kupumzika, mkewe huondoka kwa mwendo wa kukaza hadi kona na kurudi, mara kadhaa, huku mjomba akimtazama na kumtania kwamba amekuwa mwanajeshi. Akirudi, mmoja amepumua na mwingine ametoka jasho, nao wanaendelea pamoja.

Kazi za nyumbani nazo zisidharauliwe, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa kurudia tendo lenyewe, tena tendo lenye maana kwa mtu. Msimu wa korosho ukifika, mpeni mgonjwa rundo dogo la mabibo: mkono dhaifu ushike bibo, mkono mzima usokote korosho mpaka itoke, na mwenzake aketi mkabala akifanya vivyo hivyo. Kuanua nguo, kukunja kanga wakiwa wamesimama kila mmoja na ncha zake, kuchambua mchele mezani, yote yanafaa. Kubangua korosho mbichi kwa mkono nisingeshauri, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi, na mkono uliopoteza hisia hautamwambia mwenyewe kwamba unaungua.

Hilo linanipeleka kwenye kukanda. Siwapingi wazee wetu. Mikono ya mtu anayekuchua kwa mafuta ya nazi inaliwaza. Lakini maji ya moto juu ya mguu usio na hisia yamewachubua wengi, na kumkanda mtu aliyelala hakumfundishi kutembea. Pimeni joto la maji kwa kiwiko cha mtu mzima, na baada ya kukandwa mtu asimame.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, mnakwenda kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokatika akiwa ameketi. Mdomo ukipinda upya, mkono ukishuka, maneno yakivurugika, hiyo ni dharura, hata kama dalili zimetoweka baada ya dakika chache. Na kwa wale wenye haraka: utafiti wa AVERT uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionesha kwamba kuanza ndani ya saa 24 za mwanzo kumsimamisha na kumtembeza mgonjwa mara nyingi kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Mgonjwa aliye wodini aanze kwa ratiba ya hospitali, si kwa ari ya ndugu.

Karibuni tuchangie.

Binti wa Tandahimba

Ahsante kwa maelezo, kaka. Baba yetu hataki kutoka nje mchana. Mdomo umebaki umepinda kidogo, naye alikuwa mtu wa kusikilizwa katika vikao vya kijiji, kwa hiyo anasema hawezi kuburuta mguu mbele ya watu waliokuwa wakimwamkia kwa heshima. Mama ana umri wa zaidi ya miaka 60, ana presha, na kila akimhimiza wanagombana. Hospitali kubwa iko mbali na nauli ya watu wawili si ndogo. Tuanzie wapi?

Mpwa wa Mikindani

Pole sana, dada. Anzeni uani, ndani ya wigo, ambako hakuna anayemwona. Kukosa hamu ya mambo, kununa na kugomba kwa mtu aliyepata kiharusi si lazima iwe jeuri. Takriban mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, nayo inatibika, kwa hiyo mkienda kliniki ya presha mwelezeni mganga na hilo, msiishie kwenye mguu.

Ningewaomba pia wale wazee wenzake wanaokuja kumjulia hali wasiishie kuketi na kunywa chai. Mgeni akisema, "Nisindikize hadi mlangoni," mwenyeji hawezi kukataa, kwa sababu adabu inamdai. Mjomba wangu alikataa kutembea kwa ajili ya afya yake, lakini kumsindikiza mgeni hajawahi kukataa.

Kuhusu mama, apimwe kwanza. Zahanati ya kijiji inatosha kwa hilo. Na ugomvi utapungua iwapo hatakuwa msimamizi. Badala ya kusema "simama ufanye mazoezi", aseme "nami kiuno kimekaza, tusimame wote". Mkipata nafasi ya kwenda Mtwara, ulizeni kitengo cha mazoezi tiba pale Hospitali ya Ligula au katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, na waombeni wamfundishe mama moja kwa moja, kwa vitendo, ili safari moja iwatoshe kwa kipindi kirefu. Walio Lindi waulizie Hospitali ya Sokoine.

Korosho Ghafi

Mkuu, naomba nikupinge kwa heshima. Ulipotaja tafiti umeruka ule wa India unaoitwa ATTEND, uliochapishwa na Lancet mwaka 2017. Wagonjwa 1,250, hospitali 14, ndugu wakafundishwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, na baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti ya vifo wala ya utegemezi kati yao na wale waliopata huduma ya kawaida. Kama ndugu hawezi kubadilisha matokeo, kwa nini tuwaongezee akina mama mzigo mwingine juu ya mzigo walio nao? Huku kwetu kila kitu kinachokosekana hospitalini humwangukia mwanamke nyumbani, halafu tunakiita upendo.

Mpwa wa Mikindani

Hoja yako ni nzito, na sentensi yako ya mwisho naikubali yote. ATTEND ni utafiti mkubwa na ulifanywa vizuri. Unatuonya kwamba mafunzo mafupi kwa ndugu hayatoshi kujaza pengo la mtaalamu. Upo mwingine mdogo wa Dublin, unaoitwa FAME, wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 40 tu, ambao ndugu walifanya na wagonjwa mazoezi ya dakika 35 kila siku kwa wiki 8, juu ya fiziotherapia (mazoezi tiba) ya kawaida iliyokuwa ikiendelea. Wagonjwa walipata nafuu katika usawa wa mwili na kutembea, na katika ufuatiliaji wa baadaye ndugu wenyewe waliripoti kupungukiwa na uchovu wa kuuguza. Ni watu wachache, kwa hiyo siupi uzito unaozidi ukubwa wake.

Hata hivyo, tazama tofauti iliyopo kati ya jambo ulilolipinga na jambo ninalolisema. Katika tafiti hizo ndugu anahesabiwa kuwa mfanyishaji wa mazoezi. Mimi nasema awe mfanyaji. Sikusudii kumwongezea mkaza mjomba saa moja ya kazi. Nakusudia saa moja ambayo ndani yake naye anapata haki ya mwili wake, na kwa hiyo watoto wa kiume na wapwa, mimi nikiwemo, tushike sufuria na ndoo wakati huo. Familia isiyoweza kumwachilia hiyo saa moja, basi na isimpe ratiba yoyote.

Mwalimu wa Lindi

Hamjambo wanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu na ndiye mgonjwa mwenyewe. Naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Jambo ambalo wazima hawalielewi ni uchovu. Si usingizi, wala si uvivu. Naweza kuamka vizuri, nikaoga, nikavaa shati, na nikimaliza vifungo siku imekwisha. Mke wangu mwanzoni alikuwa akinihimiza jioni, saa ambazo sina kitu mwilini, akaona nimekata tamaa. Sasa tunafanya asubuhi, baada tu ya uji, kabla sijatumia nguvu kwa jambo jingine, na siku nikiwa dhaifu tunapunguza lakini hatuachi.

La pili, msimfanye mgonjwa kuwa mzigo wa kuhesabiwa tu. Nyumbani kwetu mimi ndiye mwenye saa. Mke wangu akipanda kile kilima cha nyuma ya nyumba na kurudi, namwandikia muda wake daftarini, na akizembea namwambia kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi. Yeye hunihesabia miinuko ya kiti, mimi namhesabia kilima. Hiyo ndiyo sababu ninaamka.

Fizio Kusini

Naongeza machache kutoka kazini. Ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, fimbo na mguu dhaifu hutangulia. Viatu: acheni kandambili. Mguu usioweza kujinyanyua ncha huziacha njiani au hujikwaa nazo, na kuanguka hadi nyonga ivunjike kunaweza kuwa hasara kubwa kuliko ile iliyoachwa na kiharusi chenyewe. Tafuteni viatu vya kamba au vya mkanda unaoshika kisigino, hata vya mtumba.

Mkono dhaifu usining'inie mgonjwa anapoketi. Uwekwe juu ya mto au meza. Na wanaokuja kusalimia waelezwe mapema, kwa sababu bega nyingi tunazozipokea zikiwa na maumivu zimevutwa na watu wema waliosema, "Haya mzee, inuka."

Binti wa Tandahimba

Nashukuruni nyote, na mwalimu shikamoo. Tumeazima kipimo cha presha cha mkononi. Swali la mwisho: baba apimwe mkono upi, na je, apimwe kabla au baada ya mazoezi?

Fizio Kusini

Mkono ulio mzima, kila mara mkono huohuo, kwa kuwa ule uliopooza unaweza kutoa namba isiyo sahihi. Aketi ametulia dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Apimwe kabla ya kuanza. Baada ya mazoezi subirini apumzike ndipo mrudie. Mama naye afanyiwe hivyohivyo, namba zake ziandikwe ukurasa wa pili wa daftari, na daftari hilo mje nalo kliniki.